Kilomita Moja kwa Shilingi 48.47: Fani ya Tangazo la Nauli

Tangazo la nauli lililotolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) tarehe 24 Novemba 2023 ni matini fupi, na ufupi huo ni sehemu ya ustadi wake. Abiria wa basi la masafa marefu la daraja la kawaida asitozwe zaidi ya shilingi 48.47 kwa kilomita badala ya 41.29, wa daraja la kati asitozwe zaidi ya 67.84 badala ya 56.88, anayesafiri mjini umbali usiozidi kilomita 10 atoe 600 badala ya 500. Mwanafunzi akabaki na 200 yake. Viwango vianze kutumika tarehe 8 Desemba. Wengi walilisoma kama habari ya bei, wakalinung'unikia au wakalishangilia kulingana na upande wa mlango wa basi waliosimama, kisha wakaliacha. Mimi namwalika msomaji mwenzangu alirudie kama tunavyolirudia shairi la arudhi, kwa kuwa ndani ya mistari yake michache imehifadhiwa historia nzima ya taasisi iliyobadilishiwa sheria, jina na mipaka ya kazi, na bado ikaendelea kusema kwa sauti ile ile.

Hoja yangu ni kwamba mamlaka za usafiri hukabili mabadiliko ya kitaasisi kwa kulinda fani kwanza na kubadili saini baadaye. Fani hiyo ina uzuri wake, na nitaitetea. Lakini ilifinyangwa kwa ajili ya njia yenye basi, kituo na ratiba. Ikisafirishwa hadi kata kama Ipililo, wilayani Maswa mkoani Simiyu, hufika imepungukiwa sauti, na upungufu huo unasomeka katika muundo wenyewe bila kuhitaji kumlaumu ofisa yeyote.

Tuanze na kirai kinachobeba uzito wote: «badala ya». Tangazo halitoi kiwango kipya kikiwa peke yake. Kila namba mpya huambatanishwa na ile inayoondoka, na usambamba huo hurudiwa daraja kwa daraja hadi sikio likauzoea. Kwa mbinu hiyo, mwandishi-taasisi anamkabidhi msomaji kipimo cha kumhukumia: mwenye kalamu anaweza kukokotoa hapo hapo kwamba daraja la kawaida limepanda kwa asilimia 17.4, na kwamba pengo kati ya madaraja mawili limepanuka kutoka shilingi 15.59 hadi 19.37 kwa kilomita. Sasa lishike tangazo lililotangulia, la tarehe 30 Aprili 2022, lililoanza kutumika tarehe 14 Mei. Kiunzi ni kile kile, na siku 14 zinazotenganisha kutamka na kutenda ni zile zile. Humo, namba inayoondoka kwa daraja la kawaida ni 36.89, na kiwango hicho ni cha enzi ya Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini (SUMATRA), mtangulizi wa LATRA, iliyokuwa imefutwa miaka mitatu kabla. Katika sentensi moja, basi, taasisi mbili zinakutana: aliyefutwa anashika upande wa kushoto wa kirai, aliyezaliwa anashika upande wa kulia, na sarufi inawafanya wasomeke kama mtu mmoja aliyebadili mawazo. Sijui kama kuna maelezo ya urithi wa kitaasisi yaliyo mafupi kuliko hayo.

Siku hizo 14 nazo zinastahili uangalifu. Katika utungo zinafanya kazi ya kituo kikubwa: sauti imesema, lakini tendo limezuiwa, na katika nafasi hiyo wasafirishaji wanachapa upya tiketi na karatasi za nauli, makondakta wanajifunza kuhesabu chenji mpya, abiria wanapata muda wa kukasirika kabla ya kulipa. Tangazo lisilo na kituo hicho lingekuwa amri tupu.

Namba 48.47 ndiyo kiini cha utungo, na imeeleweka vibaya. Hakuna abiria aliyewahi kulipa shilingi 48 na senti 47, kwa kuwa senti imekwisha kutoka mifukoni mwetu kitambo. Desimali zake mbili haziwaambii watu bei. Zinaonyesha kwamba kiwango kimetokana na hesabu ya gharama, yaani mafuta, vipuri, mishahara na idadi ya viti, na kwamba mtoaji wake hakukisia. Ni namba ya kisarufi: inangoja nomino yake, umbali, ndipo izae bei inayotamkika. Chukua kipande cha lami kati ya Maswa na Bariadi, ambacho ni kama kilomita 50. Zidisha, upate shilingi 2,423.50; kwa kiwango cha 2022 ungepata 2,064.50. Tofauti ni 359, na hiyo ndiyo sura halisi ya tangazo pale stendi ya Bariadi. Lakini hata hiyo 2,423.50 haiwezi kutolewa mkononi. Lazima ikatwe au iongezwe, na katika kukata na kuongeza huko ndipo kanuni inapokabidhi kazi kwa mkono wa binadamu.

Jedwali la nauli za treni ya reli ya kisasa, ambalo LATRA ililiidhinisha mwaka 2024, linaonyesha mkono huo waziwazi kuliko jedwali lolote la basi. Kiwango cha mtu mzima katika treni ya kawaida ni shilingi 69.51 kwa kilomita, na nauli za vituo zimekadiriwa kwa elfu kamili. Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 444, kanuni inatoa kama 30,862, jedwali linasema 31,000. Hadi Morogoro, kilomita 192, kanuni inatoa 13,346 na jedwali linasema 13,000. Hadi Soga, kilomita 51, kanuni inatoa 3,545 na jedwali linasema 4,000. Hadi Pugu, kilomita 19, kanuni inatoa 1,321 na jedwali linasema 1,000. Abiria wa Pugu amepunguziwa karibu robo ya nauli yake na abiria wa Soga ameongezewa zaidi ya sehemu moja ya nane, bila mtu yeyote kuwakusudia mema au mabaya. Ukadiriaji umetenda kama vina vinavyolazimisha neno lirefushwe au likatwe mwishoni mwa mshororo. Nataja mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, unathibitisha kwamba sarufi ya kiwango mara umbali, iliyokomazwa kwenye basi, imehamishiwa kwenye chombo kigeni kabisa bila kuvunjika. Pili, reli hiyo inakuja Maswa: kipande cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341, ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, kinapita Malampaka, mji ambao reli ya zamani ya kwenda Mwanza ilikwisha kuufanya kituo tangu miaka ya 1920. Wilaya moja itasoma majedwali mawili ya mwandishi mmoja.

Mwandishi huyo ni nani hasa? Sheria ya Leseni za Usafirishaji ya mwaka 1973 iligawa sauti kati ya mamlaka kuu ya leseni na mamlaka za mikoa, kila mkoa ukiwa na meza yake ya kupokea maombi. Sheria Namba 9 ya mwaka 2001 ikaunda SUMATRA, iliyoanza kazi mwaka 2004, na kuziweka nchi kavu na maji chini ya kalamu moja ya kitaifa. Februari 2018 mambo ya majini yalihamia Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa zaidi ya mwaka mmoja SUMATRA iliendelea kutia saini kwa jina lenye maji ambayo haikuwa nayo tena. Kisha Sheria Namba 3 ya mwaka 2019 ikaifuta na kuanzisha LATRA, yenye barabara, reli na usafiri wa waya. Ukitazama tarehe pekee utaona mipasuko minne. Ukitazama matini utaona mshono.

Mshono wenyewe hukaa mahali ambapo wasomaji wengi huwa wamekwisha kufunga kitabu: vifungu vya mwisho vya sheria, vinavyofuta na kuhifadhi kwa pumzi moja. Hivi ndivyo vifungu ninavyovipenda zaidi katika fasihi ya serikali. Kazi yao ni kuifuta sheria ya zamani na, papo hapo, kuyaokoa yale yaliyotendwa kwa mamlaka yake: leseni iliyotolewa jana na mamlaka iliyokufa leo isomwe kana kwamba imetolewa na mamlaka iliyo hai. Hapo pana bunilizi kamili. Kila mhusika anajua kwamba LATRA haikuitoa leseni ile. Sheria haidai kwamba ilitoa. Inamtaka msomaji aliyeelimika akubali kusoma hivyo ili safari ya asubuhi isikatike. Utenzi wa kale hutenda jambo la aina hiyo kila mnakili anapouendeleza kwa mwandiko wake bila kumwondoa mtunzi. Na mpangilio wa juzuu za sheria unaitia muhuri bunilizi hiyo kwa namna inayonifurahisha kila ninapoifikiria: sheria ya SUMATRA ilisomwa kama Sura ya 413, na sheria ya LATRA inasomwa kama Sura ya 413. Mpangaji mpya amepewa mlango wenye namba ile ile. Hata aliyeketi ofisini hakubadilika mara moja: Gilliard Ngewe, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa SUMATRA, ndiye aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa LATRA tangazo la Aprili 2022 lilipotolewa, na lile la Novemba 2023 likatolewa chini ya mrithi wake, Habibu Suluo. Mtu alibadilika kati ya matangazo mawili, kiunzi hakikubadilika.

Kenya inatoa ulinganisho mfupi wenye faida. Mstari wa njano unaozunguka ubavu wa matatu uliamriwa kwa kanuni za waziri John Michuki, zilizotolewa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, wakati leseni zikitolewa na Bodi ya Leseni za Usafirishaji. Sheria ya mwaka 2012 ikaleta mamlaka mpya, NTSA, ikachukua kazi za bodi hiyo, na mstari ukabaki ubavuni. Ni fani nyingine iliyoishi kuliko mwandishi wake, kwa rangi pale ambapo sisi tulitumia desimali.

Kule mkoani, hata hivyo, kuna mabadiliko ambayo vifungu vya kuhifadhi havikuyagusa, kwa kuwa yalitoka upande mwingine wa serikali. Machi 2012 mkoa wa Simiyu ulizaliwa: Maswa, Bariadi na Meatu zikatoka Shinyanga, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, Busega ikatoka Magu ya Mwanza. Basi la Shinyanga kwenda Maswa, ambalo jioni moja lilikuwa la ndani ya mkoa, likawa la kuvuka mkoa bila kubadili njia, dereva wala saa ya kuondoka. Chini ya mpango wa 1973 tukio hilo lingezua swali zito la nani ana haki ya kutoa leseni, kwa sababu mkoa ulikuwa mwandishi. Chini ya mpango wa kitaifa uliofuata halikuzua, kwa sababu mkoa umekuwa anwani: Simiyu ina Afisa Mfawidhi wa LATRA, anayepokea, anayekagua na anayetekeleza matini iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Ninaona faida, na ni kubwa: mfanyabiashara wa Bariadi na wa Tanga wanasomewa maneno mamoja, na mpaka mpya hauvurugi leseni ya mtu. Ninaona pia kilichopotea. Meza ya mkoa, kwa udhaifu wake wote, iliketi karibu na barabara ilizozitolea leseni, na ukaribu huo haukupewa nafasi yoyote ya kisarufi katika fani iliyofuata.

Nafasi hiyo tupu ndiyo inayosikika Ipililo. Udongo mweusi wa mbuga za Usukumani hugeuka gundi mvua ikinyesha, na umbali ambao ramani inautaja kwa namba moja hulipwa kwa muda tofauti mwezi wa Machi na mwezi wa Agosti. Siku ya mnada na siku ya kawaida hazina abiria sawa. Msimu wa ununuzi wa pamba, unaofunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, huweka fedha mikononi na watu barabarani kwa pamoja. Wanaobeba safari hizi kwa sehemu kubwa ni Hiace zilizochakaa kwa kazi, magari madogo ambayo Kanda ya Ziwa inayaita michomoko, na bodaboda. Kuhusu bodaboda, kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu SUMATRA kuzikabidhi halmashauri kazi ya leseni za pikipiki na bajaji, na huo ulikuwa ukiri muhimu: mwandishi wa kitaifa alitambua kwamba kuna kurasa ambazo mkono wake haufiki.

Sasa sikiliza nauli ya bodaboda inavyotungwa, maana nayo ina fani. Inaanza kwa salamu, na salamu si pambo, kwa kuwa ndani yake dereva anapima umri, haraka na ukoo wa anayemsalimu. Mama mtu mzima ataitwa «mayu» na bei itaanzia chini ya ile ya mgeni aliyevaa viatu vya ngozi. Inafuata taarifa ya mwisho wa safari, kisha mzigo: gunia, mtoto mgongoni, kuku wa mnadani. Inafuata hali ya njia, ambayo mmoja wao amepita leo na anaitolea ushahidi. Ndipo bei inatajwa, inakataliwa, inatajwa tena. Kila kigezo ambacho jedwali la LATRA limekiacha nje, yaani msimu, mzigo na uhusiano, kimo ndani ya majibizano haya, na kigezo kikuu ambacho jedwali linacho, umbali, hapa hakitajwi kwa kilomita kabisa. Tungo mbili hizi zinagawana ulimwengu kwa ukamilifu unaoshangaza.

Nisieleweke kwamba ninaisifu ya mdomo dhidi ya ya maandishi. Majibizano yanamlinda anayejulikana. Usiku, mvua ikinyesha, mgonjwa akiwa amelazwa kituo cha afya, anayejibizana hana uwezo wa kukataa bei ya pili. Jedwali linamlinda asiyejulikana, kwa kuwa nauli ya kikomo ilikwisha kusemwa hadharani kabla hajafika stendi, na uzuri wake mkubwa wa kimaadili ni kwamba halimwangalii usoni. Ninachodai ni kwamba mamlaka iliyojua kuhamisha sarufi yake kutoka basi hadi treni bado haijajaribu kuitunga kwa ajili ya njia ya masika.

Kwamba fani inaweza kupokea kigezo kipya, tumekwisha kuona. Mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, ulioanza mwaka 2017 enzi ya SUMATRA na kurithiwa na LATRA, ulibadili njeo ya udhibiti. Kabla yake matini yote ilikuwa katika hali ya kuamuru: dereva asizidi kilomita 80 kwa saa, kondakta atoe tiketi, basi lisitembee usiku. Kifaa kilichofungwa garini kikaleta wakati uliopita: basi lilizidi, mahali fulani, saa fulani. Basi likawa linajiandika lenyewe, na mamlaka ikawa msomaji. Mabadiliko ya njeo yakazaa mabadiliko ya sheria, kwani zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu kwa karibu miaka 30, lilikuwa zuio la mwandishi asiyeweza kuona gizani. Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mabasi yataruhusiwa kusafiri saa 24, na LATRA ikaanza kupanga ratiba za usiku mwezi Oktoba mwaka huo. Saa, iliyokuwa mpaka, ikawa safu nyingine katika jedwali.

Ikiwa saa iliweza kuingia, msimu nao unaweza. Jedwali tayari linakubali kwamba kiti cha daraja la kati na cha daraja la kawaida havilipiwi sawa. Halihitaji kuvunja kanuni yake yoyote ili likubali kwamba kilomita ya Machi na ya Agosti kwenye mbuga hazifanani, mradi tofauti hiyo iwekewe kikomo na kutangazwa siku 14 kabla, ili dereva wa mchomoko asiwe mwamuzi pekee wa ukubwa wa tope. Mahali pa kudai hilo papo ndani ya utaratibu wenyewe. Nauli haitangazwi kabla wadau hawajasikilizwa, na sheria imeweka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC) liwasemee abiria, kama SUMATRA nayo ilivyokuwa na baraza lake. Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Katika mikutano hiyo wamiliki wa mabasi huja na gharama zao zimepangwa safu kwa safu, kwa lugha ambayo jedwali linaielewa. Abiria wa Maswa huja na malalamiko. Angekuja na daftari lenye tarehe, njia, hali ya barabara na nauli iliyotozwa, kwa mwaka mmoja wa mvua na kiangazi, angekuwa ameandika kwa fani ya mamlaka yenyewe, na tangazo linalofuata lingelazimika kumjibu kwa kirai chake kile kile cha «badala ya».